Mgonjwa asiye na simu janja naye ahudumiwe: mwongozo kamili kwa vituo vya afya na ustawi wa jamii

Mwongozo huu ni kwa wanaosimamia huduma za afya na ustawi wa jamii katika eneo lenye vituo kadhaa: waganga wafawidhi, wauguzi viongozi, watu wa mapokezi, maofisa wa TEHAMA na wahudumu wa afya ya jamii. Lengo ni moja. Huduma ikishahamia kwenye simu na kompyuta, asiyeweza kuzitumia asiwe na hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo kabla.

Wanaojaribu kazi hii hukwama mahali pale pale. Wananunua vishikwambi, wanaandaa mafunzo ya siku moja, wanapiga picha ya pamoja. Miezi michache baadaye vishikwambi vimefungiwa kabatini, na kwenye benchi la mapokezi wamekaa watu wale wale. Wameanzia mwisho. Vifaa hununuliwa mwishoni, ukishajua nani anakosekana na kwa nini. Kwa hiyo usiruke hatua.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la mahudhurio na orodha ya waliojisajili kwenye mfumo, vyote vya kipindi kimoja.
- Simu moja ya vitufe, na simu janja moja ya zamani yenye kioo kidogo na nafasi finyu ya kuhifadhi. Zitumie laini za kawaida za kulipia kabla, zisiwe za ofisi.
- Karatasi ya kuhesabia na mtu wa mapokezi aliyepunguziwa kazi nyingine kwa wiki mbili.
- Namba moja ya simu ya sauti ambayo mpigaji hakatwi salio.
- Fomu za karatasi zenye maswali yale yale yaliyo kwenye mfumo, kwa mpangilio ule ule.
- Watu watano au sita wasiotumia intaneti, watakaojaribu huduma. Warudishiwe nauli na walipwe muda wao kama mshauri mwingine yeyote.
- Kiongozi mmoja mwenye mamlaka ya kubadilisha utaratibu. Bila huyu, mtaandika ripoti nzuri na hakuna kitakachobadilika.

Bajeti ya vifaa haimo kwenye orodha. Sijaisahau.

## Hatua ya 1: Hesabu wasioonekana

Mtu aliyeachwa nje ya mfumo haonekani ndani ya mfumo. Sentensi hii inaonekana ya kitoto, lakini ndipo kazi nyingi huharibikia: kituo kinatuma dodoso kwa njia ya kiungo kuuliza kama watu wanapata shida na mtandao, kisha kinafurahia majibu kwamba karibu wote hawana shida. Waliojibu ndio wanaoweza kufungua kiungo.

Fanya hivi. Kwa wiki mbili, kila anayefika mapokezi aulizwe maswali sita kwa mdomo:

1. Simu unayotumia ni yako au ya mtu mwingine?
2. Ni simu janja au ya vitufe?
3. Mara ya mwisho ulikosa salio, bando au chaji lini?
4. Ujumbe ukiingia, unausoma mwenyewe au unasomewa?
5. Unapenda tukutafute kwa njia gani: kupigiwa, ujumbe, au kupitia mtu?
6. Kuna mtu nyumbani mwenu aliyeacha kuja tangu utaratibu ulipobadilika?

Swali la 6 ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linamfikia aliyebaki nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii waulize maswali hayo hayo wanapotembelea kaya, hasa zenye mzee anayeishi peke yake, mtu mwenye ulemavu, au mgonjwa aliyetoka hospitali karibuni.

Kisha linganisha. Chukua majina ya waliohudhuria kliniki fulani kabla ya mfumo kuanza, tafuta wangapi wamejisajili, na wangapi hawajaonekana kabisa. Hao wasioonekana kabisa ndio wa kufuatiliwa, mtu kwa mtu.

Tahadhari: usiulize "Unajua kutumia mtandao?" Wengi watasema ndiyo kwa kuona haya. Uliza mambo anayofanya.

Utajua umefaulu unapoweza kusema kwa namba, kwa kila kituo, ni watu wangapi hawafikiwi kwa ujumbe, wangapi hawafikiwi kwa simu ya sauti, na wangapi hawafikiwi kwa vyote viwili. Ukibaki na "wazee wengi wanapata shida", rudia.

## Hatua ya 2: Tenganisha sababu

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ulikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti, karibu theluthi ya watu wote duniani. Kundi kubwa namna hiyo haliwezi kuwa na sababu moja, wala waliokwama kwenu hawana sababu moja.

Panga majibu ya hatua ya 1 katika mafungu haya:

- Kifaa. Hana simu, au anaazima, au simu yake haina nafasi ya programu.
- Gharama na mtandao. Simu anayo, bando hana, au anakoishi mtandao unashika mahali pamoja tu.
- Ujuzi na kusoma. Anapiga na kupokea, lakini fomu na namba za siri humshinda.
- Mwili. Macho, masikio, mikono inayotetemeka, kumbukumbu inayopungua.
- Lugha. Mfumo unazungumza lugha ya ofisini.
- Hofu au hiari. Anaweza, ila hataki taarifa zake za ugonjwa zikae kwenye simu.

Kila fungu lina dawa yake, na dawa ya fungu moja haitibu jingine. Mafunzo hayamsaidii asiye na bando. Simu ya bure haimsaidii asiyesoma. Aliyekataa kwa hiari hahitaji kushawishiwa. Anahitaji dirisha linalofanya kazi.

Fungu la mwisho hudharauliwa sana, na mimi naona si haki. Mtu anayeishi na mwenza mkatili, au mwenye ugonjwa unaonyanyapaliwa, anaweza kuwa na sababu nzuri kuliko zote za kutotaka ujumbe wa kliniki kwenye simu yake.

## Hatua ya 3: Pita njia ya mgonjwa mwenyewe

Chukua ile simu ya vitufe, kaa nje ya jengo, na ujaribu kupata huduma moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kuweka miadi, kukumbushwa, kufika, kupata majibu ya kipimo, kuchukua dawa, kupewa rufaa. Rudia kwa simu janja ya zamani, ukitumia bando dogo. Kisha wape wale watu watano au sita wafanye hivyo hivyo huku wewe ukitazama na mdomo umefunga. Kishawishi cha kusema "bonyeza hapo chini" ni kikubwa. Kizuie, ukisaidia, umepoteza kipimo chako.

Andika kila mahali wanaposimama. Mara nyingi utakutana na haya:

Namba ya uthibitisho inayoisha muda. Inatumwa kwenye simu ya mtoto aliye kazini, na mgonjwa yuko nyumbani. Au inaingia, naye akitoka kwenye fomu kwenda kuisoma, fomu inajifunga.

Kulazimishwa kuwa na barua pepe. Watu wa mapokezi huanza kubuni barua pepe ili fomu ipite, na majibu ya vipimo yanakwenda kusikojulikana. Hili ni hatari kwa mgonjwa, usilione kama usumbufu mdogo.

Kujisajili mara tatu. Zahanati ina mfumo wake, hospitali ya rufaa wake, ustawi wa jamii wake. Kwa mwenye ujuzi hiyo ni kero. Kwa asiye nao ni ukuta. Vituo vya eneo moja vikubaliane fomu moja ya usajili na namba moja ya simu, hata kama mifumo ya ndani itabaki tofauti.

Menyu ya vitufe inayokata. Huduma za USSD, zile za nyota na reli, hazihitaji intaneti na hufanya kazi kwenye simu yoyote, jambo linalozifaa sana kazi hii. Ila msomaji wa polepole hukatwa kabla hajamaliza, na akirudi anaanza upya. Menyu iwe na ngazi mbili au tatu tu, na kila ukurasa uwe na chaguo la "Nipigieni".

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja inayoonyesha kila kizuizi, mahali kilipo, na nani ana uwezo wa kukiondoa.

## Hatua ya 4: Jenga mlango wa pili wenye hadhi ile ile

Hapa ndipo kiini cha kazi. Ukifanya hatua hii peke yake vizuri, utakuwa umesaidia watu wengi kuliko mafunzo yote.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 kuhusu huduma za afya za kidijitali unapendekeza tiba ya mbali, kwa simu au mtandao, kwa sharti kwamba ikamilishe huduma ya ana kwa ana, isichukue nafasi yake. Kwa vitendo, maana yake ni kwamba kila huduma iliyoko kwenye simu lazima ipatikane pia kwa sauti, kwa dirisha, au kwa mtu anayekwenda nyumbani.

Kuwa na mlango wa pili tu hakutoshi. Vituo vingi vinao: dirisha lipo, ila nafasi za wiki nzima huwa zimeshachukuliwa na waliowahi kwenye programu usiku. Fanya mambo manne:

Tenga nafasi. Kama hesabu ya hatua ya 1 ilionyesha wagonjwa wanne kati ya kumi hawatumii programu, basi nafasi nne kati ya kumi za kila siku zisionekane kwenye programu kabisa. Zisipochukuliwa hadi muda mliokubaliana, ndipo zifunguliwe kwa wote.

Simu ya sauti ipokewe na mtu. Mashine inayosema "bonyeza moja, bonyeza mbili" humrudisha mpigaji kwenye tatizo lile lile. Kama wapokeaji ni wachache, weka utaratibu wa kupiga tena: mpigaji akikata baada ya mlio mmoja, kituo kimpigie siku hiyo hiyo.

Simu haiwatoshi wote. WHO inakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma. Kwao, ujumbe mfupi au dirisha lenye mtu anayeandika ni bora kuliko kupigiwa. Ndiyo maana uliuliza swali la 5.

Karatasi ifuate skrini. Mtu anapojaza fomu ya karatasi, mfanyakazi aingize taarifa kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Fomu yenye mpangilio tofauti na skrini huzaa makosa na uchovu. Faida ya ziada: umeme au mtandao ukikatika, kituo kizima kinahamia kwenye fomu hizo bila kusimama.

Tahadhari: usiruhusu dirisha liwe adhabu. Likifunguliwa saa mbili tu kwa siku, au mgonjwa akijibiwa "kwani huna simu?", watu wataacha kuja. Yule wa mapokezi ndiye sera yenu, chochote mlichoandika kwenye makabrasha.

Utajua umefaulu siku za kusubiri miadi zinapolingana kwa aliyepitia programu, aliyepiga na aliyekuja dirishani.

## Hatua ya 5: Rekebisha ujumbe

Ujumbe mfupi ndio chombo kinachofika mbali kuliko vyote, na ndio unaoandikwa ovyo kuliko vyote.

Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidi, hugawanywa vipande vya herufi 153, na kituo hulipia kila kipande. Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui: ukinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia, alama ya ng' inaweza kuja ikiwa imepinda. Alama hiyo moja iliyopinda, au kikaragosi kimoja, hubadilisha mfumo wa herufi, na ujumbe wote unashuka hadi uwezo wa herufi 70. Gharama inaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili, na kwenye simu nyingine za zamani maneno yanaingia yakiwa visanduku vitupu. Tumia alama iliyonyooka.

Linganisha jumbe hizi mbili:

*Mbaya:* "Ndugu mteja, miadi yako imethibitishwa. Tafadhali bofya kiungo kifuatacho ili kuona maelezo kamili ya maandalizi."

*Nzuri:* "Njoo kituoni Jumanne tarehe 14 saa 3 asubuhi, dirisha namba 4. Beba kadi yako. Huwezi kufika? Piga [namba ya kituo] bure au mtume mtu."

Wa pili hauhitaji kufungua chochote. Una siku, tarehe, saa, mahali, cha kubeba na la kufanya ukishindwa. Mjukuu akiusoma kwa sauti, bibi anauelewa.

Angalia saa. Mifumo mingi huandika 09:00, na wako watakaoisoma saa tisa na kufika kliniki imefungwa. Agiza mfumo uandike "saa 3 asubuhi". Pia weka namba ya kupigia ndani ya ujumbe wenyewe, maana ujumbe unaoingia kwa jina la kituo badala ya namba haujibiki wala haupigiki.

Kwa tovuti na programu, shika kiwango cha WCAG 2.2 kilichotolewa mwaka 2023, yaani kanuni za kimataifa za kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti. Mambo mawili ya kudai mara moja: maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake yatofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Kwa vidole vinavyotetemeka, afadhali viwe vikubwa zaidi ya hapo. Jaribu pia kufungua ukurasa kwa kisoma-skrini (programu inayosoma maandishi kwa sauti) huku umefumba macho.

## Hatua ya 6: Simu ya pamoja na siri ya mgonjwa

Simu ya nyumbani inaweza kuwa ya watu watano. Ujumbe unaotaja ugonjwa, dawa au jina la kliniki maalumu unaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu alikopanga.

Kwa hiyo ujumbe useme "kituoni", usitaje kliniki. Majibu ya vipimo yasitumwe kwa maandishi bila mgonjwa kukubali kwanza, ana kwa ana, baada ya kuulizwa nani mwingine hushika simu hiyo. Kila anapohudhuria, athibitishe namba yake upya: kampuni za simu hugawa tena namba zilizokaa bila kutumika, na siri ya mgonjwa wako inaweza kuwa inaingia kwa mtu asiyemjua.

Wapo wanaosaidiwa na mtoto, jirani au mlezi. Rasimisha jambo hilo. Fomu fupi ieleze msaidizi ni nani, anaruhusiwa kufanya nini (kuweka miadi, kuchukua dawa, kusikia majibu) na hadi lini. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, si msaidizi akiwa amesimama pembeni. Na aelezwe kuwa anaweza kufuta ruhusa hiyo siku yoyote.

Tahadhari kubwa: mfanyakazi asihifadhi namba za siri za wagonjwa, hata daftarini, hata kwa nia njema. Mfumo unaomlazimisha kufanya hivyo una kasoro, ripoti kasoro.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo mafunzo na vifaa

Anza na wafanyakazi. Muuguzi asiyeuamini mfumo hatamfundisha mtu kuutumia.

Kwa wagonjwa, fundisha jambo moja kwa wakati, lile analolihitaji leo. Aliyekuja kufuata dawa afundishwe kuomba dawa tena, basi. Simu ikae mkononi mwake muda wote. Ukiichukua "nikusaidie haraka", umemfundisha kwamba kazi hii ni ya wengine. Mwisho usiulize "umeelewa?" Mwambie akuonyeshe tangu mwanzo, kana kwamba anamfundisha jirani.

Darasa lililotangazwa kwa jina la mafunzo ya kompyuta huvutia wanaojua tayari. Msaada uliowekwa pale watu wanaposubiri dawa huwapata wenyewe.

Vifaa vinunuliwe sasa, kwa idadi iliyotokana na fungu la kwanza la hatua ya 2. Mnapokopesha simu au kishikwambi, kiende na chaja, bando la miezi kadhaa na jina la mtu wa kumpigia kikileta shida. Kabla ya kukigawa tena, futa taarifa zote za aliyekitumia. Na msisahau bando: mazungumzo ya video hula data nyingi mno kuliko ya sauti, kwa hiyo sauti iwe chaguo la kawaida na video itumike pale daktari anapohitaji kuona kitu.

## Hatua ya 8: Pima, kisha weka kwenye mkataba

Idadi ya waliojisajili kwenye programu ni kipimo cha programu. Haikuambii lolote kuhusu waliobaki nje. Pima haya kila mwezi, ukitenganisha kwa njia aliyotumia mgonjwa:

- siku za kusubiri kuanzia ombi hadi miadi;
- asilimia ya waliokosa miadi;
- simu zilizopigwa dhidi ya zilizopokelewa;
- wangapi kati ya wale wasioonekana kabisa katika hatua ya 1 wamerudi kwenye huduma.

Pengo likionekana kwenye kituo kimoja, mtu aende akakae kwenye benchi lake la mapokezi asubuhi moja. Takwimu zitakuonyesha pengo lilipo. Sababu yake utaiona ukiwa pale.

Mfumo unapokaribia kuhuishwa au kununuliwa upya, mambo haya yaingie kwenye mkataba wa muuzaji kabla ya sahihi: usajili bila barua pepe, nafasi zilizotengwa zisizoonekana kwenye programu, saa na lugha inayosomeka, ruhusa za wasaidizi, kiwango cha WCAG 2.2, na haki ya kituo kupata takwimu zake kwa kila njia ya mawasiliano bila kulipia. Muuzaji akisema hilo litakuja kwenye toleo lijalo, malipo ya sehemu hiyo nayo yasubiri toleo lijalo.